Mbele ya kuuliza bei ya programu, uliza ekipe inatumika namna gani

Miaka mbili imepita tangu ukurasa wa intaneti wa radio yetu ulipozimika kwa wiki tatu. Wasikilizaji wengi waliwaza kama radio imefungwa, wengine walituma ujumbe kuuliza kama ni mambo ya usalama. Hapana. Kijana mmoja tu njo alikuwa ametutengenezea ule ukurasa, peke yake, usiku, kwa kompyuta yake mwenyewe. Siku alipopata kazi fasi ingine alisafiri, namba ya simu ikabadilika, na maneno yote ya siri ya kufungua ukurasa yalikuwa ndani ya kichwa chake. Hakutuibia kitu, hakufanya ubaya. Sisi njo hatukuwahi kumuuliza: weye ukitoka, nani anabaki anajua?

Tunarudia hiyo habari leo juu maombi ya namna ile yamekuwa mengi. Koperative ya kahawa inataka programu ya kuandika wanamemba na kilo zenye kila mmoja ameleta. Shule inataka programu ya minerval. Farmasi inataka kujua dawa gani imebaki na gani inaelekea kuharibika. Wote wanafika mbele ya watengenezaji na maulizo mawili: bei gani, na itamalizika siku gani? Ulizo la tatu karibu hakuna mwenye kuliuliza: hao watu wenye watatengeneza wamepangwa namna gani? Nani anaamua, nani anaandika, nani anahakikisha, na wanaongea mara ngapi?

Inaonekana kama ni mambo yao ya ndani. Lakini historia ya hii kazi, tangu kompyuta zingali zinajaza chumba kizima, inaonyesha kama njo hapo programu nyingi zinafia.

Watu kumi kwa barua moja

Kwenye shantie ya nyumba, ukiona kazi inachelewa unaita vijana wengine kumi kubeba matofali na mchanga, na kweli kazi inakwenda mbio. Kila mmoja anabeba lake, hana haja ya kupatana na mwenzake. Sasa jaribu kuita watu kumi waandike barua moja kwa gavana. Mmoja ataanza na salamu, mwingine atasema salamu ni ndefu, wa tatu hajui wa nne ameandika nini kwenye ukurasa wa pili. Saa ya mangaribi barua haijatoka. Mtu mmoja angeimaliza saa sita ya muchana.

Kuandika programu kunafanana na ile barua kuliko matofali. Mwenye alieleza hilo vizuri ni Mmarekani Frederick Brooks. Katika miaka ya 1960 alitumika kwa kampuni IBM, na aliongoza kazi ya kutengeneza OS/360, programu kubwa ya kuendesha mashini za kampuni hiyo. Kulikuwa wakati wenye zaidi ya watu elfu moja walikuwa juu ya ile kazi pamoja. Na bado ilichelewa. Kila mara wakiongeza watu, inazidi kuchelewa. Mwaka wa 1975 Brooks alitoa kitabu, The Mythical Man-Month, na ndani yake kuna sheria yenye mpaka leo inaitwa kwa jina lake: ukiongeza watu kwa programu yenye imekwisha kuchelewa, unaichelewesha zaidi.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, mgeni mwenye anafika leo hajui kitu, na mwenye kumufundisha ni yule tu mwenye alikuwa anafanya kazi. Kwa hiyo siku ya kwanza umepoteza mfanyakazi, haujapata mwingine. Ya pili ni hesabu. Watu watatu wakipashwa kupatana wawili wawili, kuna njia 3 za maongezi. Wakiwa watano, njia zinakuwa 10. Wakiwa kumi, 45. Wakiwa makumi mawili, 190. Watu wameongezeka mara mbili, maongezi yameongezeka zaidi ya mara ine. Mwenye amekwisha kukaa katika komite ya mazishi au ya ndoa anajua hii hesabu bila kalamu.

Brooks alikubali wazo la mwenzake Harlan Mills la kupanga ekipe sawa vile wanapanga chumba cha upasuaji. Daktari mmoja njo anakata. Wengine wanamuzunguka: mmoja anamusaidia na anaweza kuchukua nafasi yake, mmoja anatayarisha vyombo, mmoja anaandika, mmoja anahakikisha. Uzuri wake ni kwamba programu inakuwa na mawazo ya kichwa kimoja, haina viraka. Ubaya wake tunaujua sisi wa radio: yule daktari akihama? Ndiyo, kuna msaidizi, lakini kwetu pesa ya kumulipa msaidizi njo ya kwanza kukatwa katika bajeti.

Mpango mkubwa mbele ya yote

Njia ya pili njo wafadhili wanaipenda sana. Mnaandika kila kitu mbele ya kuanza: programu itafanya hiki na kile, itakuwa na kurasa hizi. Watu wanatia sahihi. Kisha kikundi kimoja kinachora, kinapitisha kwa kikundi kinachoandika, kile kinapitisha kwa kikundi kinachohakikisha, mwishoni mteja anapokea. Inaitwa njia ya maporomoko, juu kazi inashuka ngazi kwa ngazi na maji hayapandi tena.

Jambo la kushangaza: maandishi yenye watu wengi wanashika kama chanzo cha njia hii, yale ya Winston Royce ya mwaka wa 1970, yalikuwa yanaonya. Royce alichora zile ngazi, kisha akasema kutumika hivyo tu ni hatari na kunakaribisha kushindwa, juu makosa makubwa yanaonekana mwishoni, wakati wa kuhakikisha, na hapo kurudi nyuma ni bei kali. Watu walichukua mchoro, wakaacha onyo.

Tusiiseme vibaya kwa yote. Ikiwa kitu kinajulikana vizuri na hakitabadilika, au kosa linaweza kuua mtu, kuandika kila kitu mbele ni akili. Tatizo ni pale mteja mwenyewe hajui anataka nini mpaka aone. Na karibu wote hatujui.

Mfano uko ndani ya simu zetu. M-Pesa, yenye tunatumikisha hapa tangu Vodacom ilipoileta Congo mwaka wa 2012, haikuanza kama njia ya kutumiana pesa. Jaribio la kwanza lilifanyika Kenya mwaka wa 2005, na mpango ulikuwa watu wenye kuchukua mikopo midogo warudishe deni kwa simu. Walipotazama watu wa jaribio wanafanya nini kweli, waliona wanatumia ile njia kwa mambo yao: kumutumia ndugu pesa, kulipana wenyewe kwa wenyewe, kutia pesa upande mmoja mbele ya safari na kuitoa wanapofika. Mwaka wa 2007, mwezi wa tatu, ilipofunguliwa kwa raia wote wa Kenya, njo ilikuwa kazi ya kutuma pesa. Ekipe yenye ingeshikilia karatasi yenye ilitiwa sahihi ingetoa programu ya kulipa madeni, labda nzuri, na leo pengine hakuna mtu angeijua.

Vipande vidogo, wiki mbili mbili

Mwaka wa 2001, mwezi wa pili, watu 17 wa hii kazi walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah huko Marekani. Walikuwa wamechoka na makaratasi. Walitoka na tangazo fupi sana lenye linajulikana kwa jina la Agile, maana yake ni wepesi. Kwa ufupi walisema: tunaheshimu mipango na mikataba, lakini kuongea na mteja, kumuonyesha kitu chenye kinatembea, na kukubali mabadiliko ni ya maana zaidi.

Mbele yao kulikuwa tayari njia mbalimbali za kufanya hivyo. Yenye imeenea zaidi inaitwa Scrum. Jeff Sutherland na Ken Schwaber walioianzisha waliitangaza mwaka wa 1995. Jina limetoka kwa mchezo wa rugby, pale wachezaji wanashikana mabega na kusukuma pamoja.

Inatembea hivi. Ekipe haipiti watu kumi. Kuna mmoja anaitwa mwenye bidhaa: yeye njo anaamua nini kinafanywa kwanza na nini kinangoja, na anapashwa kuwa anajua shida za watumiaji. Kuna mwingine mwenye kuangalia mwendo: si shefu, kazi yake ni kuondoa vizuizi na kufundisha ekipe kufuata njia. Waliobaki ni watengenezaji. Wanachukua kipande kidogo cha kazi na wanajipa muda, mara nyingi wiki mbili, hauwezi kupita mwezi mmoja. Kila siku wanaonana dakika 15: tumefika wapi, leo tunafanya nini, nini kinatuzuia. Nyuma ya wiki mbili wanamuonyesha mteja kitu chenye kinatembea. Si picha, si rapoti. Kisha wanakaa wenyewe na kujiuliza: sisi tulitumika vizuri? Tubadilishe nini?

Fikiri ile koperative ya kahawa. Nyuma ya wiki mbili za kwanza, programu inajua kuandika jina la mkulima na kilo tu. Inapelekwa kwenye kituo cha kuosha kahawa, na hapo inaonekana kama mwenye kupima anaandika akiwa amesimama, mikono ina maji, na skrini ina maandishi madogo sana. Umepoteza wiki mbili, si miezi nane.

Lakini Scrum nayo iko na magonjwa yake, na hapa nasema wazi. Ugonjwa wa kwanza: mwenye bidhaa anakuwa mtu mkubwa mwenye hana wakati. Direkta anataka jina lake liwe pale, lakini kila wiki mbili anatuma mtu mwingine mwenye hawezi kuamua. Ugonjwa wa pili: zile dakika 15 zinageuka kuwa saa moja ya kutoa rapoti kwa shefu, kila mtu anajitetea. Wakifika hapo wamebakia na jina la njia, njia yenyewe imekwenda.

Kuna njia jirani, kanban, yenye asili yake ni kiwanda cha magari cha Toyota huko Japani, na watengenezaji wa programu waliichukua katika miaka ya 2000. Haina wiki mbili. Kazi zote zinaandikwa kwa kadi ukutani: zenye zinangoja, zenye ziko mikononi, zenye zimekwisha. Sheria kubwa ni moja: kadi zenye ziko mikononi zisipite hesabu fulani. Garage za pikipiki katika miji yetu zingeihitaji sana. Fundi anafungua moto tano siku moja ili mteja asiende kwa mwingine, na mangaribi moto tano ziko chini, hakuna yenye inatembea. Kwa ekipe yenye kazi yake ni kupokea malalamiko na kutengeneza makosa madogo kila siku, kanban inafaa kuliko Scrum.

Wawili kwa mashini moja

Kuna desturi nyingine ningependa ijulikane zaidi kwetu. Kent Beck, katika miaka ya 1990 akitumika kwa programu ya mishahara ya kampuni ya magari Chrysler, aliweka pamoja kanuni zenye ziliitwa Extreme Programming. Moja kati yake: watengenezaji wawili wanakaa mbele ya kompyuta moja. Mmoja anaandika, mwingine anatazama, anauliza, anaona makosa, kisha wanabadilishana.

Direkta mwenye kulipa akiingia na kuona watu wawili kwa klavie moja, atasema mmoja anakula pesa ya bure. Nilisema hivyo pia mara ya kwanza. Lakini hesabu ya wenye kazi hii ni nyingine: ni watu wangapi wakihama leo, kazi inasimama? Ikiwa jibu ni mmoja, uko katika hatari, hata programu iwe nzuri namna gani. Katika majimbo yetu vijana wenye kujua hii kazi wanahama kila mwaka, kwa masomo, kwa kazi, kwa vita, kwa ndoa. Fasi kama hiyo, na mashini na umeme vyenyewe haba, wawili kwa mashini moja si anasa.

Programu inafanana na ofisi iliyoitengeneza

Mwaka wa 1968 Melvin Conway aliandika jambo lenye linachekesha kidogo, lakini kila mwaka linathibitishwa tena. Alisema: kundi lolote likitengeneza mtambo, ule mtambo utachukua umbo la maongezi ya kundi lenyewe. Alitoa mfano wa watu wanane wenye walipewa kazi ya kutengeneza programu mbili za kutafsiri lugha za kompyuta, COBOL na ALGOL. Watu watano waliwekwa kwa COBOL, watatu kwa ALGOL. Matokeo: ile ya COBOL ilitembea kwa hatua tano, ile ya ALGOL kwa hatua tatu. Kila mtu alikuwa amejitengenezea hatua yake.

Tuseme hospitali inaagiza programu. Kwenye mapokezi, kwenye laboratwari na kwenye kesi, wakubwa watatu hawasalimiane, kila mmoja anataka mtengenezaji wake. Utapata programu tatu zenye hazisalimiane pia, na mama mgonjwa atasema jina lake mara tatu. Hapo hakuna kompyuta mpya yenye inaweza kuponya. Wanapashwa kupatana kwanza wale wakubwa watatu.

Kwa ukubwa wa nchi, Marekani iliona hivyo mwaka wa 2013. Serikali ilifungua ukurasa HealthCare.gov, ili raia wanunue bima ya afya. Kazi ilikuwa imegawanywa kwa kampuni makumi kazaa, kila moja na mkataba wake, na haikuwa wazi nani anaunganisha vyote. Ulifunguliwa tarehe 1 mwezi wa 10. Mamilioni ya watu waliingia. Siku hiyo ya kwanza, watu 6 tu walifaulu kumaliza kujiandikisha. Sita.

Haikuokolewa kwa kuongeza watu elfu. Kampuni moja ilipewa jukumu la kuunganisha kazi zote, na kikundi kidogo cha wataalamu kiliingia. Wakaweka vikao vifupi kila siku, na sheria: kwenye kikao anaongea mwenye kujua tatizo, si mwenye cheo kikubwa. Mwanzo wa mwezi wa 12 watu wengi waliweza kuutumikisha. Hiyo sheria moja peke yake, ningependa kuiona ikijaribiwa katika mikutano ya kwetu.

Kampuni kubwa zimejaribu kukata ekipe ziwe ndogo makusudi. Kwa Amazon, Jeff Bezos alitaka ekipe yenye pizza mbili zinatosha kuilisha. Kwetu tungesema bukari ya sinia mbili na sambaza, ingawa najua vijana kumi wenye sinia mbili hazitoshi. Spotify, kampuni ya muziki ya Uswidi, ilieleza mwaka wa 2012 namna yake: vikundi vidogo vyenye kujitegemea, vikikusanywa katika makabila. Dunia nzima ilikimbilia kuiga, hata mabenki, wakati wenye kuandika walikuwa wamesema ni picha ya siku ile tu, na kampuni inaendelea kubadilika.

Bila ofisi moja

Je, inawezekana kutengeneza kitu kikubwa bila kukaa chumba kimoja, bila mshahara mmoja? Chukua simu yako ya Android. Kiini cha ndani chenye kuiendesha ni Linux, kazi yenye Linus Torvalds wa Ufini alianzisha mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi. Leo maelfu ya watu katika nchi nyingi wanaiandika. Utaratibu wao unafanana sana na ngazi zetu za mtaa: neno linatoka kwa nyumba kumi, linapanda kwa shefu wa avenue, kisha kwa shefu wa kartie. Mtu akiandika rekebisho, analipeleka kwa msimamizi wa kipande hicho. Yule anasoma, anakataa au anakubali, anapitisha juu, mpaka kufika kwa Torvalds mwenyewe. Maongezi yote yanaandikwa, yako wazi, mtu yeyote anaweza kusoma kwa nini rekebisho fulani lilikataliwa. Toleo jipya linatoka kila nyuma ya miezi miwili na kidogo.

Karibu na sisi kuna Ushahidi. Mwanzo wa 2008, Kenya ikiwaka juu ya matokeo ya uchaguzi, kikundi kidogo cha watu wa kujitolea, wengine wakiwa Kenya na wengine Marekani, walitengeneza kwa siku chache programu ya kukusanya habari za vurugu kwa ujumbe wa simu na kuziweka kwenye ramani. Mwisho wa mwaka huohuo, wakati wa vita vya Kivu ya Kaskazini, ilitumikishwa hata kwa Congo yetu ya mashariki. Hawakuwa na mpango wa kurasa mia. Walikuwa wachache, wanajuana, kila mmoja anajua lake. Salongo ya namna hiyo inafaulu kwa siku chache za dharura. Ili iendelee miaka, wenyewe walipashwa kuunda shirika, na watu wenye kulipwa.

Lakini mfano wenye naona unatufaa zaidi ni wenye wauguzi wetu wanautumia kila mwezi. Rapoti zenye vituo vya afya vinapeleka kwa zone de santé zinaingizwa katika DHIS2. Kazi hiyo ilianzia Afrika Kusini nyuma ya mwisho wa ubaguzi wa rangi, ikishikwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo, Norvège. Ekipe imepangwa kwa tabaka mbili. Oslo kuna watengenezaji wa kiini: wao njo wanasimamia moyo wa programu. Katika nchi na majimbo kuna vikundi vyenye kuipanga kulingana na mahali: magonjwa gani yahesabiwe, majina ya zone za afya, nani anaona nini. Hawa wa pili hawahitaji kuandika programu upya, wanaipanga tu. Wakikutana na shida yenye kupita uwezo wao, inapanda Oslo, na ikirekebishwa inarudi kwa nchi zote pamoja. Shida ya fasi zenye hazina rezo, kwa mfano, imepata jibu: iko programu yake ya simu yenye kupokea habari bila rezo na kuzituma rezo ikipatikana.

Iko na upande wake mbaya. Safari kutoka kituo cha afya cha kijijini hadi Oslo ni ndefu, na muuguzi mwenye kuona kosa kwenye karatasi yake hajui hata aanze kumuambia nani. Lakini kuna jambo moja kubwa lenye programu nyingi za miradi hazina: mradi ukiisha, mfadhili akiondoka, programu haifi naye.

Maulizo ya kubeba mfukoni

Siku utakaa na watengenezaji, waulize nani kati yao atakuwa na neno la mwisho juu ya nini kinafanywa kwanza, na kwa upande wako weka mtu mmoja mwenye uwezo wa kuamua na mwenye saa mbili kila wiki. Uliza utaona kitu cha kwanza chenye kinatembea nyuma ya wiki ngapi. Ukijibiwa miezi sita, gawanya malipo: kila kipande chenye kinatembea na sehemu yake ya pesa. Uliza maandishi ya programu yanawekwa wapi, kwa jina la nani, na watu wangapi wanaweza kuyafungua. Kama kazi inachelewa na wanaomba pesa ya kuongeza watu, uliza kwanza nini kinaweza kuondolewa katika kazi. Mara nyingi kuna kurasa tano zenye hakuna mtu angezitumia.

Na kama pesa yako inaenea mtengenezaji mmoja tu, sawa, koperative nyingi hazina zaidi. Basi mweke karibu naye kijana mmoja wa kwako, akae pembeni ya ile mashini siku mbili kwa wiki, hata kama anaanza bila kujua kitu.

Kwa radio yetu, ukurasa uliandikwa upya na vijana wawili, mmoja yuko Goma, mwingine Bukavu. Wanaongea kwa simu kila juma ine asubui, dakika kumi na tano, kisha wanatuandikia mistari mitatu. Mwezi uliopita yule wa Bukavu alikuwa na malaria siku nane, na emisyo zilipanda kwenye ukurasa kila mangaribi kama kawaida. Maneno ya siri yako ndani ya bahasha mbili: moja kwa direkta wa programu, ingine kwa mama mwenye kutunza kesi. Alituuliza kama kuna pesa ndani.